Uniti moja, bei nne

Ukiweka umeme wa LUKU wa shilingi 10,000 kwenye mita ya saluni, unapata uniti 28 na kidogo. Jirani yako mwenye mita ya nyumbani iliyo kwenye tarifa ndogo, akiweka kiasi hichohicho mwanzoni mwa mwezi, anapata kama 77, ikiwa hakuna kodi nyingine inayokatwa. Nguzo ni ileile na transfoma ni ileile. Saluni iko kwenye tarifa ya T1, ambako uniti ni shilingi 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, inafika 356. Jirani yuko D1, shilingi 100 kwa uniti, au 122 pamoja na makato, mpaka uniti ya 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti inayozidi ni 350, yaani 427 baada ya makato.

Naanza na bei hizi kwa sababu mabishano ya nishati huku kwetu Tanzania yanapenda kuanzia juu: bwawa au gesi, jua au mafuta, na siku hizi nyuklia. Ni mabishano ya maana, ila mwenye saluni hanunui bwawa. Ananunua uniti iliyofika kwenye soketi yake saa ambayo mteja ameshakaa kwenye kiti. Uniti hiyo anaweza kuipata kwa njia kadhaa, na bei zake zimepishana mno.

Tumchukue kinyozi. Mashine mbili za kunyolea, taa, feni na televisheni ndogo vinakula kama wati 200. Kwa siku ya saa kumi hizo ni uniti mbili, sawa na shilingi 712 kwa bei ya T1. Mteja mmoja tu analipia umeme wa kutwa nzima na chenji inabaki. Kwa bei hiyo hakuna kinachoigusa gridi, na fundi atakayekuambia kuwa paneli zitakupunguzia gharama kwenye saluni ya namna hii mwombe akuandikie hesabu yake.

Shida inakuja umeme unapokatika. Wengi hukimbilia jenereta dogo la petroli kwa sababu ndilo rahisi kununua. Jenereta la aina hiyo linakunywa karibu nusu lita kwa saa hata likiwa limebeba feni na taa tu, maana injini lazima izunguke, uwe umeitumia au hukuitumia. Bei kikomo ya petroli hutangazwa na EWURA kila mwezi na hupanda na kushuka. Tuchukue 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Wati 200 kwa saa moja ni sehemu moja ya tano ya uniti. Kwa hiyo uniti nzima imekula lita mbili na nusu: shilingi 7,500. Ukilibebesha mzigo karibu na mwisho wa uwezo wake, uniti inaweza kushuka hadi kwenye 3,000, lakini kinyozi hana mzigo wa kiasi hicho. Umeme ukikatika kwa muda wa saa nne, 6,000 imekwenda, bado oili, plagi na makelele.

Nchi nayo imewahi kununua umeme kwa njia hiyohiyo, kwa kiwango chake. Ukame wa 2006 ulipokausha mabwawa, mitambo ya dharura ikatafutwa mbiombio, na mkataba wa kampuni ya Richmond uliotokana na haraka ile ndio uliomfanya Edward Lowassa ajiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008. Unguja ilikaa gizani kama miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme kutoka bara ulipokatika. Mwenye hoteli aliendelea kwa dizeli na mwenye nyumba ya kawaida akarudi kwenye mishumaa. Kinachoyafanya mafuta yawe ghali ni kwamba mara nyingi tunayanunua tukiwa tumebanwa, na muuzaji analijua hilo.

Tangu Februari 2024, mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ilipowashwa, hali ya uzalishaji imebadilika. Bwawa lote lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, na mwezi uliofuata vituo vingine vya maji vikazimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Hata hivyo mtaani umeme uliendelea kukatika: transfoma imezidiwa, nguzo imeanguka, tawi la mwembe limelalia waya. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea dawa. Mgao wa wiki nzima na kukatika kwa saa tatu ni magonjwa mawili tofauti.

Tuje kwenye sola. Fundi anakupa bei ya shilingi milioni 1.2 kwa paneli ya wati 200, betri ya lithiamu, inveta na kazi yake (huu ni mfano, weka humo bei uliyopewa wewe). Kwenye jua letu, ukitoa upotevu, mfumo huo utatoa kama uniti 0.65 kwa siku. Kwa miaka mitano ni uniti 1,186 hivi, na ukigawanya unapata karibu shilingi 1,000 kwa uniti. Basi sola iko katikati: ni karibu mara tatu ya bei ya T1, na ni sehemu ndogo sana ya bei ya jenereta. Betri ikifika miaka kumi, bei inashuka karibu nusu. Ila hesabu hiyo inadai kwamba kila siku unautumia umeme wote uliozalishwa. Ukiwa unautumia siku umeme wa gridi unapokatika tu, jua la siku nyingine zote limemwagika bure juu ya bati, na 1,000 yako inakuwa 5,000 au 10,000.

Ndiyo maana kwa kinyozi wa mjini, anayekatikiwa saa mbili tatu mara chache kwa wiki, mimi ningeacha paneli. Ningenunua betri na inveta yenye chaja, iwe inachajiwa na LUKU usiku. Betri ya lithiamu ya 12V, 100Ah inatoa karibu uniti moja baada ya upotevu. Hizo ni saa tano za saluni yetu, na kuichaji hakufiki shilingi 500. Paneli inaweza kuongezwa baadaye, mradi inveta iwe ya aina inayoipokea. Jambo hili liulize kabla ya kulipa. Usishawishike na betri ya gari kwa sababu ni rahisi: imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, na ukiimaliza chaji kila jioni haitakaa.

Mwenye friji la soda au samaki anafikiri tofauti kidogo. Friza la kulala lililojaa, lisipofunguliwa, linashika ubaridi hadi siku ya pili. Barafu ni akiba ya umeme, tena haihitaji inveta. Kwa hiyo anayeuza samaki ajaze friza, afunike, aache kufunguafungua, na jenereta alifikirie pale giza linapovuka siku. Hapo ndipo lenyewe linapostahili bei yake, kwa sababu mzigo ni mkubwa na mali inayookolewa ni ya maana.

Nyumbani kwenye D1, hesabu ya sola karibu haipo. Huwezi kushindana na 122. Isipokuwa kwa nyumba inayocheza pembeni mwa 75. Ukitumia uniti 90, za kwanza 75 zinakugharimu 9,150 na hizo 15 zinakugharimu 6,405. Na ukihamishiwa T1 kwa sababu ya kuvuka 75, uniti 90 zilezile ni 32,040. Uniti 15 za pasi na birika zinaweza kuwa ghali kuliko 75 nyingine zote. Kabla ya kupandisha paneli, angalia birika.

Nyuklia naigusa kwa kifupi. Urani tunayo kule Mkuju, Namtumbo, lakini gharama ya nyuklia haiko kwenye urani, iko kwenye ujenzi na riba ya miaka mingi kabla ya uniti ya kwanza. Tena mahitaji ya juu ya gridi yetu yako karibu na megawati 2,000. Kinu kimoja cha 1,000 kikizima ghafla, nusu ya nchi inakitazama. Wakenya walipopendekezewa kinu kule Uyombo, Kilifi, wenyeji waliandamana. Bei ya uniti yako mwaka huu haitategemea mjadala huo.

Kijijini mambo yanaamuliwa na umbali wa nguzo. Ikiwa imefika jirani, ada ya kuunganishiwa ni 27,000, wakati mjini ni 320,960 pasipo kuhitaji nguzo. Kwa 27,000 hupati hata betri nzuri, kwa hiyo unganisha. Ikiwa nguzo ya karibu iko kilomita mbili na hakuna tarehe, sola ya taa na simu ndiyo chaguo, na wengi wataichukua kwa lipa kidogo kidogo. Zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku za mkataba, ongeza kianzio, kisha ulinganishe na bei ya taslimu ya dukani. Halafu muulize wakala jambo ambalo halimo kwenye kipeperushi: mtambo ukiharibika katikati ya mkopo, siku unazosubiri fundi unaendelea kulipa au hulipi?