Kompyuta haina moyo, lakini mtumiaji anao



Sisi wa Liganga tunafahamu chuma. Jembe halina hasira; hata hivyo lenye mpini mbovu humkasirisha mkulima. Hasira hiyo haikuwamo katika jembe, wala mkulima hakutoka nayo nyumbani. Inazaliwa wawili hao wanapokutana kazini. Kwa kompyuta ni vivyo hivyo, isipokuwa kompyuta hujibu kwa maneno, na maneno hugusa moyo zaidi.

Maneno yanayotisha

Windows ya miaka ya 1990 ilipokwama, ilitangaza kwa Kiingereza kwamba programu imetenda jambo lisilo halali. Kosa lilikuwa la programu, lakini mwanafunzi mgeni angeweza kudhani ni yeye aliyevunja sheria. Anayeogopa hivyo haulizi. Huacha kugusa, kisha huacha kuja. Ndiyo maana tunauthamini mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili.

Maneno yanayovuta

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu yake ELIZA. Ilichukua maneno ya mtu, ikayageuza kuwa swali na kumrudishia. Haikuelewa lolote. Hata hivyo katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Leo programu za mazungumzo hujibu kwa Kiswahili kwenye simu, kwa ufasaha kuliko ELIZA. Faraja anayoipata mwenye huzuni ni ya kweli; lakini programu haitapiga hodi kwake wala kuona kwamba hajala tangu jana.

Tunaziomba kamati za parokia na wafadhili:

1. Bajeti ya kompyuta iwe na fungu la mwalimu mvumilivu, anayefundisha kwa Kiswahili.

2. Siku ya kwanza wanafunzi, hasa wazee, waonyeshwe ujumbe wa kosa na kuelezwa kwamba si lawama kwao.

3. Vijana wanaopeleka majonzi yao kwenye simu wasichekwe. Kamati iteue watu wanaoaminika wa kuwasikiliza.

Mashine iliyofungiwa ofisini kwa sababu watu wanaiogopa haijamsaidia mtu, hata kama risiti zake zote zipo.