Uzito wa Gari: Upi Utolewe, Upi Ubakie

Imekuwa kawaida siku hizi, katika gereji nyingi za miji yetu, kumkuta kijana amelivua gari lake viti vya nyuma, kapeti, vifuniko vya ndani vya milango na tairi la akiba. Na akiulizwa sababu, hujibu kwamba anataka gari liwe jepesi. Gari lenyewe aghalabu ni la Kijapani, lililokwisha kutumika ng'ambo miaka mingi kabla ya kushushwa bandarini kwetu. Wazee wapitao hapo hutikisa vichwa na kusema huo ni utoto. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Kijana huyo ameshika jambo la kweli, lililowapa wahandisi mashuhuri jina na utajiri. Tunachohitilafiana naye ni hesabu yake, kwa maana ameanza kutoa kabla ya kupima, na miongoni mwa vitu alivyovitoa vimo vilivyokuwa na kazi.

Kwanza tumpe haki yake. Injini haina habari na jina la gari wala rangi yake. Inachokijua ni mzigo inaotakiwa kuusogeza. Nguvu ikibaki ile ile na uzito ukapungua, gari huondoka kwa wepesi zaidi, hupanda mlima bila kubadilishiwa gia mara kwa mara, na breki zake hazichemki upesi. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba uzito wa gari ukipunguzwa kwa asilimia 10, ufanisi wa mafuta huweza kuongezeka kwa asilimia 6 hadi 8. Kwa nchi inayonunua petroli yake yote kwa fedha za kigeni, hilo si jambo la kudharauliwa. Lakini msomaji aangalie vema: asilimia 10 ya gari la kilo 1,000 ni kilo 100. Kiti cha nyuma, tairi la akiba na jeki, vyote kwa pamoja, huenda visifike hata nusu ya hizo.

Mfano ulio wazi zaidi wa kazi hii mikononi mwa mafundi wa ridhaa ni ule wa Uingereza mara baada ya Vita Kuu ya Pili. Nchi ile, pamoja na makoloni yake yote, ilikuwa imetoka vitani imechoka. Petroli iligawiwa kwa kadi hadi Mei 1950, na magari mapya yalipelekwa kwa wingi nje ya nchi ili kutafuta dola. Kijana mpenda magari hakuwa na la kununua ila Austin 7 kuukuu. Gari hilo dogo lilianza kutengenezwa mwaka 1922, na hadi lilipokoma mwaka 1939 yalikuwa yamekwisha kutoka kiwandani takriban magari 290,000. Kwa hiyo mikweche yake ilikuwa tele. Lilikuwa jepesi tangu asili, kwani yale ya mwanzo hayakufika kilo 400. Vijana waliling'oa bodi lote wakabaki na fremu, injini na magurudumu, kisha wakajenga juu yake bodi jipya la alumini nyembamba au la mbao. Wala hawakufanya hivyo kila mtu kivyake. Palikuwapo chama kiitwacho 750 Motor Club, kilichoasisiwa mwaka 1939 na ambacho kingali hai hadi leo. Humo aliyegundua jambo aliwaeleza wenziwe, na mashindano yaliwekewa kanuni ili mwenye fedha asimshinde mwenye akili kwa fedha zake tu. Utaratibu huo unatupendeza, na tutaurejea.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Colin Chapman, aliyesomea uhandisi katika chuo cha University College mjini London. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 20, alijenga gari lake la kwanza juu ya Austin 7, bodi likiwa la plaiwudi iliyogandishwa na alumini. Wenziwe wengi waliridhika kutoa tu. Chapman alitafuta kipande kimoja kifanye kazi mbili: bodi lake liliisaidia fremu kukakamaa, badala ya kukaa juu yake kama abiria asiyelipa nauli. Mwaka 1952 alianzisha kampuni ya Lotus, na mwaka 1957 akatoa Lotus Seven, gari la takriban nusu tani, lililouzwa vipande vipande ili mnunuzi aliunganishe nyumbani kwake. Sababu mojawapo ya kuliuza hivyo ni kwamba gari la namna hiyo halikutozwa kodi ya ununuzi. Sheria ya Uingereza iliruhusu, na njia hiyo haikufungwa hadi ilipoletwa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 1973. Hata hivyo mwandishi wa safu hii, ambaye ametumia miaka mingi kuwahimiza wananchi walipe kodi, hatamsifu kwa hilo. Mwaka 1962 ilikuja Lotus 25, ambayo bodi lake lenyewe ndilo lililokuwa fremu, na mwaka uliofuata Jim Clark akawa bingwa wa dunia nayo.

Historia hiyo hiyo ina ukurasa mweusi, ambao vijana wetu hawausomi. Tarehe 4 Mei 1969, katika mbio za Barcelona, mabawa marefu yaliyofungwa juu ya magari mawili ya Lotus, la Graham Hill na la Jochen Rindt, yalivunjika moja baada ya jingine, na magari yote mawili yakaangamia ukingoni mwa barabara. Madereva walinusurika. Tarehe 5 Septemba 1970, huko Monza nchini Italia, Rindt alikuwa katika mazoezi na gari la Lotus 72 wakati shafti ya breki ya mbele ilipokatika. Gari lilijipiga katika uzio wa chuma, ambao nao haukufungwa barabara, na Rindt akafa. Ndiye dereva pekee aliyetawazwa bingwa wa dunia wa Formula 1 akiwa kaburini. Hao waliolitengeneza gari lile walikuwa wahandisi wenye elimu, vipimo na karakana kamili. Seuze kijana mwenye keekee ya kuazima!

Kwa hakika keekee ndiyo inayotutia hofu kuliko msumeno. Anayekata kitu kwa msumeno huona alichokata, na mkaguzi naye huona. Tundu hudanganya. Chuma chenye kubeba mzigo kikitobolewa, mkazo hukusanyika kwenye kingo za tundu. Hakikatiki siku ile wala mwezi ule, bali hutokea ufa mwembamba kama unywele, na kila korongo la barabarani huurefusha kidogo. Mwaka 1963 kampuni ya Pontiac ya Marekani ilitengeneza magari machache ya mashindano, aina ya Catalina, ambayo fremu zake zilitobolewa matundu mengi hata watu wakayafananisha na jibini ya Uswisi. Yalikusudiwa kukimbia robo maili juu ya barabara laini iliyonyooka, kisha yarudishwe gereji. Fundi anayeziiga fremu zile kwa gari la kwenda shamba Jumamosi na kupeleka watoto shule Jumatatu ameiga nusu ya habari.

Nasi katika Afrika Mashariki tunao ushahidi wetu wenyewe. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika tope la masika na vumbi lisiloonyesha mbele. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 yakawa tena 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na gari lake Peugeot 404, gari la familia ambalo watu wa makamo bado wanalikumbuka likibeba walimu, mabwana shamba na magunia. Mafundi wa Safari waliujua wepesi kama wengine wowote. Walitoa ndani ya gari kila kilichopanda bure, kisha sehemu kubwa ya uzito huo wakairudisha mahali penye kazi: bamba la chuma chini ya injini, springi za nguvu, fito za mbele za kukinga wanyama, na matairi ya akiba zaidi ya moja.

Mwaka 1965 Joginder Singh, ambaye watu walimwita Simba wa Kenya, alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 ambayo kabla ya hapo ilikwisha kukimbizwa mashindanoni na wengine. Aina hiyo ya gari ina sifa nyingine inayohusu mjadala wetu. Mwaka 1959, PV544 ndilo lililokuwa gari la kwanza kupelekwa kwa mnunuzi likiwa na mkanda wa usalama unaoshika sehemu tatu, uliobuniwa na mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin. Mkanda pamoja na kufuli zake ni kilo chache tu. Tumesikia vijana wakijisifu kwamba wameing'oa mikanda ya nyuma pamoja na viti, na kesho yake mtu amewapakia wadogo zake wameketi juu ya bati.

Basi ni uzito upi utolewe? Tungependa kijana aanzie kwenye buti. Humo atakuta spana za gari alilouza zamani, betri iliyokufa, dumu la maji, pengine na tofali la kuzuia gurudumu. Keria ya juu isiyotumika nayo ishuke, maana fauka ya uzito wake huukamata upepo, tena uzito ulio juu huyumbisha gari konani. Petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo kwa lita. Anayezunguka mjini siku nzima na tangi la lita 60 limejaa anabeba kilo 45. (Tumbo la dereva hatutalitaja, kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni watu wazima.) Akitaka kuendelea na ana fedha, aangalie rimu, kwani uzito wa gurudumu hauko juu ya springi, likiwa jepesi, springi hulitawala vizuri zaidi na tairi hushikamana na barabara. Lakini rimu hafifu ya bei ya chini itapasuka katika shimo la kwanza, kwa hiyo hapo asiwe bahili.

Visivyoguswa ni fito zilizofichwa ndani ya milango kwa ajili ya kugongwa ubavuni, boriti ya chuma nyuma ya bampa, mifuko ya hewa na vihisio vyake, mikanda na nanga zake, na kila mahali ambapo kiwanda kimekunja bati mara mbili. Sehemu ya mbele ya gari la kisasa imeundwa ijikunje kwa mpango ili kifua cha dereva kisipokee pigo lote. Anayeona bati limejikunja akadhani ni udhaifu, akalikata na kuchomelea bomba jembamba badala yake, ameuharibu mpango huo.

Lipo na jambo la mizani ya mbele na nyuma, ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Magari mengi madogo ya leo huvutwa na magurudumu ya mbele, na injini imelalia huko. Ukitoa kiti cha nyuma, tairi la akiba na vilivyomo ndani ya buti, uzito wote uliopungua umepungua nyuma, mahali palipokuwa pepesi tangu awali. Kwenye lami yenye maji, dereva akikanyaga breki kwa nguvu, magurudumu ya nyuma huweza kushikwa mapema kuliko kiwanda kilivyokusudia, na mkia wa gari ukataka kwenda mbele. Wengi wa vijana hawa hudhani kilichowatupa mtaroni ni utelezi.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe katika hali njema, na askari wanayo haki ya kulizuia lisilo salama. Hata hivyo hatupendi kuona kazi hii ikiachiwa askari peke yake, wala vijana wakifukuzwa gereji kama wahuni. Vyuo vya VETA vinafundisha umakanika na uchomeleaji. Yafaa viwafungulie milango jioni wajenge chama mfano wa kile cha Uingereza, kila badiliko liandikwe daftarini pamoja na uzito wake, na fundi mzee alitazame kabla gari halijarudi barabarani. Gari lipelekwe kwenye mizani ya kiwanda cha kuchambulia pamba au ghala la nafaka, lipimwe mbele peke yake, kisha nyuma, kabla ya kazi na baada yake. Mizani hiyo kubwa aghalabu husoma kwa hatua za kilo 20, haioni kiti kimoja. Kwa hiyo vipande vidogo vipimwe kimoja kimoja kwa mizani ya dukani, na kila kimoja kiandikwe kilikuwa kinafanya kazi gani.