Gitaa la bei ya kawaida, sauti ya zamani

Kijana wa jirani yangu, mpiga solo wa kwaya ya mtaani kwetu, alinijia na fedha alizodunduliza mwaka mzima. "Shikamoo mjomba. Nataka gitaa la umeme lenye sauti kama ya muziki wa dansi wa zamani, lakini uwezo wangu ndio huu."

Wengi wangemwambia asubiri kwanza, maana rahisi hugharimu. Mimi nilimwambia twende Kariakoo, kwa sababu historia ya gitaa hilo iko upande wake.

Leo Fender hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio wa Fullerton, California. Gitaa alilolitoa mwaka 1950, ambalo mwaka uliofuata likapewa jina la Telecaster, lina bodi ya mbao isiyo na uwazi na shingo iliyofungwa kwa skrubu nne. Shingo ikiharibika, unaifungua na kufunga nyingine. Nathan Daniel, mwenye kampuni ya Danelectro, alirahisisha zaidi: fremu ya mbao iliyofunikwa kwa hadibodi, na pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, zilizofichwa ndani ya vifuniko vya lipstiki. Magitaa hayo yaliuzwa Marekani kwa watu wa kipato cha kawaida, na leo wapigaji wakubwa wanayatafuta. Sehemu kubwa ya sauti tunayoiita ya zamani ilitoka kwenye vyombo vilivyoundwa kwa urahisi, na ndiyo maana nakala nzuri ya bei nafuu inaweza kuikaribia sana.

Kwa hiyo anza na sauti, jina lifuate. Pikapu ikiwa na koili moja hutoa sauti nyembamba, safi na kali. Kila noti inasikika peke yake, na ndivyo solo ya dansi inavyotaka ili isimezwe na ridhimu. Kasoro yake ni mvumo, hasa karibu na taa za tyubu. Pikapu ya koili mbili, ambayo Gibson walianza kuifunga kwenye magitaa yao mwaka 1957, huua mvumo huo na kunenepesha sauti. Kwa bei nafuu, Squier hutengeneza miundo ya Fender, Epiphone ile ya Gibson, na Yamaha wana Pacifica.

Duka la kwanza tulionyeshwa gitaa jekundu linalometameta. Nilifumba jicho moja, nikaitazama shingo kutoka kichwani hadi kwenye bodi, kama seremala anavyokagua ubao. Ilikuwa imejisokota. Shingo iliyopinda kidogo kwenda mbele hunyooshwa kwa chuma kilichomo ndani yake, lakini iliyojisokota ni ugonjwa mwingine. Nikapitisha kidole ukingoni: ncha za freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zikakwaruza kama msumeno. Tukaaga.

Duka la pili lilikuwa na Squier ya mtumba, rangi ya maziwa, yenye mchubuko mrefu mgongoni. Shingo ilikuwa imenyooka. Kijana akapiga kila uzi katika kila freti, akisikiliza kama kuna unaogonga chuma. Akapiga uzi mtupu, kisha akaubana kwenye freti ya 12: noti ileile, oktavu moja juu. Tulipoliunganisha kwenye spika na kuzungusha volyumu, ilikwaruza kama redio mbovu. Hilo ni vumbi, fundi hulisafisha. Tulilitumia kuomba tupunguziwe bei, tukapunguziwa.

Kilichobaki hakikurudi mfukoni. Kilinunua nyuzi mpya na kumlipa fundi ashushe nyuzi na kupanga oktavu. Weka akiba ya kazi hiyo kabla hujaingia dukani, kwa sababu gitaa la kawaida lililopangwa vizuri hulishinda la gharama lililotupwa tu. Na kwa sisi wa pwani, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, maana jasho na hewa ya bahari huleta kutu upesi.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma. Solo ilipoingia, kila noti ilifika kwangu imekamilika, nyembamba na yenye kung'aa. Ule mchubuko ulikuwa umeegemea shati lake, hakuna aliyeuona.