Choa cha Punda: Tutibu Ngozi, Tusafishe na Tandiko



Leo tunasema juu ya punda. Kwetu Kongo si wengi, lakini kwa majirani, Tanzania na Kenya, na zaidi kule Ethiopia, jamaa nyingi zinakula kwa mgongo wake: ndiye anayebeba maji, kuni na mavuno. Nywele zikimtoka, wengine husema amelogwa, wengine wanampaka oili chafu ya gari. Mara nyingi ni choa tu, ugonjwa wa kuambukiza unaoletwa na kuvu, jamaa ya ukungu unaoota juu ya mkate.

Tunautambuaje? Nywele zinasimama, kisha zinakatika, panabaki baka la mviringo lenye magamba ya kijivu. Huanza pale kamba na tandiko vinapogusa: mbavuni, kifuani, usoni. Mara nyingi hauwashi sana. Punda akijikuna mpaka kuchubuka, mufikiri kwanza chawa au upele. Na magamba mazito ya mgongoni wakati wa mvua yanaweza kuwa ugonjwa wa bakteria, wenye dawa yake nyingine. Kwa hiyo muganga wa mifugo hung'oa nywele chache pembeni mwa baka, azitazame kwa darubini au aziotesha kwenye maabara.

Matibabu ni haya. Mutenge mgonjwa, asifungwe mzigo. Muvae glavu. Mulainishe magamba kwa maji na sabuni, musiyakwangue kwa nguvu. Kisha mupake dawa ya kuvu aliyoonyesha muganga, kama mikonazoli, juu ya baka na pembeni yake, mpaka siku alizosema ziishe.

Punda mwenye afya anaweza kupona mwenyewe kwa wiki kadhaa au miezi michache. Shida ni kwamba katika kungoja anaambukiza wengine. Tena mbegu za kuvu hukaa miezi mingi kwenye tandiko, kamba, brashi na miti ya zizi. Ngozi inapona, tandiko chafu linarudisha ugonjwa. Kwa hiyo kila punda awe na vyombo vyake. Muvioshe kwa sabuni, kisha kwa maji ya javeli, kipimo 1 katika vipimo 9 vya maji, musuuze na kuanika juani. Javeli ni ya vyombo na zizi, si ya ngozi ya punda!

Choa hushika watu pia, hasa watoto wanaomchunga. Mukiona baka la mviringo linalowasha juu ya mtoto, mumpeleke kwenye kituo cha afya.

Nanyi wenye ng'ombe na mbuzi, choa huwashika hao vilevile, na njia ni ileile: kutenga, kutibu, kusafisha. Tukiwaombea wanyama wetu, tuoshe na kamba zao.