Kupe Hana Haraka

Funua sikio la ndama aliyetoka machungani umwone: kupe wa kahawia, kinywa kimezama kwenye ngozi laini ya ndani. Mbu hunywa damu dakika chache akaruka zake. Kupe huyu, Rhipicephalus appendiculatus, akiwa jike mpevu hung'ang'ania hapo karibu wiki nzima ndipo ashibe. Ndama hata hajikuni.

Siri iko kwenye mate. Kupe hukata ngozi, akachomeka mrija wenye meno yaliyoelekea nyuma, kisha akaugandisha kwa gundi ya protini. Ndiyo maana ukimng'oa kwa pupa kinywa huweza kubaki ndani. Mate huzuia damu kuganda. Mwili nao hujibu jeraha kwa kumwaga histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe. Mwaka 1999 watafiti walieleza protini za kupe huyuhuyu zinazoidaka histamini kabla haijafanya kazi yake. Moja ina vishimo viwili, na kila kimoja hunasa molekuli yake. Dawa nyingi za mzio tunazomeza huziba tu vipokezi vya histamini. Kupe huizoa yenyewe.

Utulivu huo humfaa abiria wake, Theileria parva, kimelea cha ugonjwa wa ndigana kali. Kupe anapopanda juu ya ng'ombe, kimelea huwa bado kichanga ndani ya tezi za mate. Joto na damu ndivyo hukikomaza, na kwa kawaida huanza kumwagwa kwa wingi siku ya tatu au ya nne. Kwa hiyo kuogesha mifugo mara mbili kwa wiki palipo na kupe wengi si ulaji wa wauza dawa, kama baadhi ya wafugaji wanavyonung'unika.

Kimelea kikishaingia, huvamia seli nyeupe za kinga, lakini hakiziui. Huziamuru zigawanyike bila kikomo, kikijishikiza kwenye nyuzi zinazotenganisha seli ili kila seli mpya ipate fungu lake. Ni tabia ya saratani kabisa, ila hii hurudi nyuma: dawa iitwayo buparvakwoni ikiua kimelea, seli huacha kuzaana. Mfugaji huona kwanza tezi ya chini ya sikio imevimba, halafu homa. Akingoja mpaka ng'ombe aheme kwa shida na povu limtoke puani, maji yameshajaa mapafuni na dawa hiyo mara nyingi haimwokoi.

Chanjo ya ndigana kali iliyobuniwa Muguga, Kenya, hutumia vimelea hai vilivyotolewa kwa kusaga kupe, vikadungwa pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini inayofanya kazi kwa muda mrefu. Husafirishwa katika naitrojeni ya kimiminika, na hapo ndipo wafugaji wengi wa mbali wanapokwama.