Baada ya semina, nani anaingia darasani?

Mwalimu wa sayansi anauliza swali, mikono michache inapanda, na kabla wa nyuma hawajalielewa, jibu limeshatoka, mara nyingi kinywani mwa mwalimu mwenyewe. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za vipindi alivyorekodi akakuta walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na waliozoea kunyamaza wakaanza kujibu.

Jambo hili mwalimu hulielewa kwa dakika 5. Kulitenda ni kazi nyingine. Ukiwa mbele ya wanafunzi 80, kengele inakaribia na mada haijaisha, kunyamaza sekunde 3 kunakuelemea kama aibu. Semina haifiki hapo. Washiriki wanagawiwa makabrasha, wanasaini posho, wanapiga picha ya pamoja, na Jumatatu kila mmoja anafundisha kama alivyofundisha Jumatatu iliyopita. Siwalaumu. Mazoea ya kufundisha yamejengwa darasani kwa miaka, na hayang'olewi ukumbini.

Kenya walilikabili tatizo hili kupitia Tusome, mpango wa kusoma Kiswahili na Kiingereza kwa madarasa ya chini ya msingi, ulioanza nchi nzima mwaka 2015. Sifa nyingi zilikwenda kwa vitabu, na kweli kila mtoto kuwa na kitabu chake si jambo dogo. Mimi hutazama zaidi maafisa wa usaidizi wa mtaala. Kazi yao ilikuwepo tangu zamani, ila muda mwingi ulimezwa na shughuli za ofisi. Tusome iliwapa tableti, na marejesho ya nauli yakafuata madarasa waliyoyatembelea kweli. Afisa alikuwa akikaa nyuma, akifuatilia kipindi na kujaza alichokiona, akiwasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akiketi na mwalimu kuzungumzia kipindi hichohicho, kingali kibichi akilini mwa wote wawili.

Wajapani wana njia kongwe zaidi. Walimu wanaandika andalio moja la somo kwa pamoja, mmoja analifundisha, wenzake wanasimama kandokando ya darasa na madaftari, macho yao kwa wanafunzi: nani kakwama wapi, nani kafuta jibu lililokuwa sahihi. Somo likienda kombo lawama haimwangukii aliyeshika chaki, maana andalio ni la wote.

Tanzania nayo, kwa mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, imeweka jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule, walimu wajifunze wao kwa wao. Wazo ni zuri, na ni nafuu kuliko ukumbi wa hoteli. Hofu yangu ni kikao kugeuka cha zamu na ratiba ya mitihani, kama vikao vingine vya shule. Ningependa ajenda iwe moja: somo lililofundishwa wiki hiyo, mbele ya mwenzao aliyelishuhudia. Na shahidi huyo asiwe mtu anayejaza fomu ya tathmini ya utumishi. Mwalimu akijua anapimwa, atafundisha somo alilokwisha kulifundisha jana kwa darasa lilelile, na watoto watajibu kwa sauti moja bila kukosea hata neno.