Kompyuta ya Tawi Inapozimika Ghafla



Siku hizi katika matawi mengi orodha ya wanachama, hesabu za ada na barua za madai hukaa ndani ya laptopu, na mara nyingi tumeinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ikizeeka, huanza kuzimika yenyewe katikati ya kazi. Mwenzetu aliyeachishwa kazi bila haki atasimamaje mbele ya Ofisa wa Kazi ikiwa barua zake zimepotea? Ndiyo maana tumeona vema kueleza sababu za ugonjwa huu kabla hamjamlipa fundi.

Mashine ikizimika mara ya kwanza, msingoje ya pili. Iwasheni, nakilini kazi zote kwenye flashi, na flashi hiyo aitunze mjumbe mwingine wa kamati. Kisha tafuteni sababu kwa utaratibu huu.

Kwanza, joto. Ninyi wa viwandani mnajua kuwa mota ikizidiwa, swichi yake huruka ili isiungue. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo: ubongo wake ukifikia kama nyuzi 100 za Sentigredi, hujizima ili kujiokoa. Dalili yake ni kwamba inafanya kazi vizuri kwa nusu saa hivi, upande wa chini unakuwa wa moto, feni inapiga kelele, halafu inazimika. Ikipoa, inawaka tena. Mara nyingi ni vumbi, na sisi wa Kampala tunalijua vumbi letu jekundu la kiangazi. Zimeni mashine, chomoeni chaja, toeni vumbi kwenye matundu kwa brashi laini na kavu. Itumieni juu ya meza, si juu ya kitanda wala mto. Isipopona, fundi aifungue, aisafishe feni na kubadili grisi ya kupitisha joto iliyokauka.

Pili, betri. Mkichomoa chaja, mashine inazimika papo hapo ingawa kipimo kinaonyesha asilimia 40. Betri nyingi za namna hii huchoka baada ya kuchajiwa kama mara 300 hadi 500. Ikiwa betri inatolewa kwa nje, itoeni mashine ikiwa imezimwa, kisha mtumie chaja peke yake. Ikifanya kazi bila kuzimika, ubovu uko kwenye betri. Lakini betri ikivimba hadi kuinua kifuniko, msiichaji wala kuitoboa, maana inaweza kuwaka moto. Ipelekeni kwa fundi.

Tatu, chaja. Gusa waya wake taratibu: taa ya kuchaji ikiwaka na kuzimika, waya umekatika ndani au tundu limelegea. Mkinunua nyingine, someni kibandiko. Volti ziwe sawasawa na zile zinazotakiwa na mashine, na ampea zisipungue.

Nne, ikiwa mashine ni baridi, betri na chaja ni nzima, na bado inazimika, basi ubovu uko ndani, kwenye kipande cha kumbukumbu au kwenye bodi yenyewe. Hapo ni kazi ya fundi.

Mkienda kwa fundi, mwelezeni dalili mlizoziona. Akitaka kuuza betri mpya na ninyi mmeona dalili za joto, mwulizeni sababu. Ulizeni bei kwanza, dai risiti, na kipuri cha zamani mrudishiwe. Fedha hiyo ni ada ya wanachama, na mkutano utataka kujua imetumikaje. Tena, kabla ya kumwachia mashine, ondoeni orodha ya wanachama. Majina hayo yakimfikia mwajiri asiyependa chama, wako watakaoumia.

Mwisho, kila mwezi baada ya ada kuingia, chapeni orodha ya wanachama na hesabu. Katibu na mweka hazina watie sahihi, na karatasi hizo ziwekwe katika faili la tawi. Matawi ambayo hayajafanya hivyo yaanze mwezi huu.